"Musawo, Atatembea Lini?" Tiba ya Viungo kwa Mtoto Ambaye Ubongo Wake Umeumia Vibaya

Jumanne ndiyo siku yetu ya watoto. Saa mbili asubuhi haijafika, benchi la verandani limeshajaa: akina mama, jjajja (bibi) wawili watatu, mara moja moja baba aliyeomba ruhusa kazini. Wametoka Busia mjini, Masafu, Lumino, huku mashariki mwa Uganda, na wengine wamevuka mpaka kutoka upande wa Kenya, kwa hiyo lugha ya benchi ni Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Swali la benchi nalo ni moja: "Musawo, atatembea lini?" Musawo ni mhudumu wa afya kwa Kiganda, na hapa ni mimi, mtu wa tiba ya viungo.

Hivi karibuni swali hilo lilikuja na nyongeza. Simu ilikuwa ikipita mkono kwa mkono, ndani yake ujumbe wa sauti wa WhatsApp: mwanamume mwenye sauti ya mhubiri anauza mafuta ya "kuamsha mishipa ya ubongo". Chupa tatu, mtoto anasimama. Mama mmoja alikuwa ameshanunua mbili, ya tatu anangoja auze mahindi. Sikumcheka. Amekuja kwetu mwaka mzima, kila mwezi, nauli ya boda kwenda na kurudi, na mtoto bado hajaweza kukaa mwenyewe. Ukimwambia mama wa namna hiyo kwamba mafuta ni uongo, halafu usimwambie ukweli ni upi, umemwacha pale pale ulipomkuta.

Haya basi ndiyo maelezo ambayo foleni ya Jumanne hainipi nafasi ya kuyamaliza.

Majina kwanza

Ninachokizungumzia kinaitwa mtindio wa ubongo. Hospitalini utasikia wakisema CP, kifupi cha jina lake la Kiingereza, cerebral palsy. Maana yake ni kwamba ubongo uliumia ukiwa bado unajengeka, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, na jeraha hilo likavuruga uwezo wa mtoto wa kuusogeza mwili wake na kuuweka sawa. Jeraha lenyewe limeshatokea, limekwisha. Haliendelei kuula ubongo, wala haliambukizi kwa watoto kulala kitanda kimoja. Ni kama ngozi iliyoungua zamani: moto umezimika, kovu limebaki.

Kuna majina ya jirani yanayochanganywa nalo. Degedege ni kule kukakamaa na kutetemeka kwa mtoto mwenye homa kali, mara nyingi ya malaria. Kifafa, ambacho Waganda wanakiita ensimbu, ni mishtuko inayojirudia hata bila homa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na kifafa pia, na wengi wanacho, lakini hivyo ni vitu viwili, na kifafa kina dawa. Kichwa maji ni maji kujikusanya ndani ya fuvu hadi kichwa kinakua kupita kiasi. Hicho hakifanani na kovu. Kinaendelea kuubana ubongo siku hadi siku, na kinataka upasuaji mapema. Hospitali ya CURE pale Mbale inafanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndipo daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alipoiendeleza njia ya kuyafungulia maji mkondo mpya ndani ya ubongo bila kumwachia mtoto mrija wa kudumu. Ukiona kichwa cha mtoto mchanga kinakua haraka na macho yake yanazama chini kama jua la jioni, usingoje Jumanne.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekuwa anakaa, anasema, anatembea, kisha akaanza kupoteza kimoja baada ya kingine. Huo si mtindio wa ubongo. Apelekwe kwa daktari, atafutwe ugonjwa mwingine.

Na la akili. Mtoto asiyeweza kushika kichwa, anayetokwa na mate, asiyesema neno, watu humzungumza mbele yake kama gunia. Wapo ambao akili yao pia imeguswa, tena sana. Lakini wapo ambao mwili ndio uliofungwa na ndani yake kuna mtu anayefuata kila kitu. Hasa wale walioumizwa na manjano kali ya utotoni, ile ya ngozi na macho ya mtoto mchanga kugeuka njano, ambao mikono na uso hujisokota bila kupenda, mara nyingi wanaelewa kuliko wanavyodhaniwa. Nimeshuhudia mtoto wa miaka saba ambaye hakuwahi kutamka neno akicheka mzaha wa shangazi yake kabla haujafika mwisho.

Breki iliyong'ang'ania

Wengi tunadhani kazi ya ubongo ni kuamuru: inua mkono, piga hatua. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kuzuia. Msuli una tabia yake ya kujikaza ukivutwa ghafla, na ubongo mzima unaikalia tabia hiyo usiku na mchana, ili ukikunja kiwiko, misuli ya upande wa pili iachie. Ubongo ukiumia mahali hapo, misuli inabaki bila wa kuituliza.

Chukua boda ambayo breki yake ya nyuma imeng'ang'ania. Injini nzima, petroli ipo, dereva anavuta mafuta, pikipiki inanguruma na haiendi. Akizidi kuvuta anaunguza tu. Ndivyo ilivyo miguu ya mtoto aliyekakamaa, ile inayopishana kama mkasi kila unapomsimamisha. Mishipa yake haijalala ikahitaji mafuta ya kuiamsha. Tatizo lake ni kwamba imeamka kupita kiasi.

Ndiyo maana kumvuta kwa nguvu kunamkaza zaidi. Mama anataka kumvisha suruali asubuhi, ana haraka, anaukamata mguu na kuunyoosha kwa mkupuo, na mguu unageuka ubao. Akitulia, akamkunja kwanza nyonga na magoti, akausogeza mguu pole pole huku akimsemesha, mguu uleule unaachia. Hakuna dawa hapo.

Si wote wanaokakamaa. Wengine ni legevu kama kitambaa kilicholoa, na wengine hujisokota. Wengi huanza wakiwa legevu kisha wakakaza baadaye, na hilo huwatisha wazazi, wakadhani ugonjwa umegeuka.

Nani alimfanya hivi

Jirani atakuambia mama aliruka kamba ya mbuzi akiwa mjamzito. Shemeji atasema ukoo wa mke una deni. Mimi nitakuuliza alilia lini baada ya kuzaliwa.

Utafiti mkubwa kuhusu mtindio wa ubongo nchini Uganda ulifanywa hapa kwetu mashariki, Iganga na Mayuge, ukachapishwa 2017. Walichunguzwa watoto zaidi ya 31,000 wa miaka 2 hadi 17, ikaonekana karibu 3 kati ya kila 1000 wana mtindio wa ubongo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba karibu robo yao waliumia baada ya kupita ule mwezi wa kwanza wa maisha. Yaani walizaliwa vizuri, wakaanza kucheka, halafu ikaja malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Kwa wengine ni yale tunayoyajua: uchungu uliochukua siku mbili, mtoto aliyetoka bila kulia, manjano iliyoachwa ijiishie yenyewe kwa kumwanika juani, maambukizi ya siku za kwanza.

Hapo ndipo lilipo suala la sindano, na nisingependa kulipita haraka. Akina mama wengi wananiambia: "Mwanangu alikuwa mzima, akachomwa kwinini, akapooza." Hawasemi uongo. Uganda tuliwachoma watoto kwinini matakoni kwa miaka mingi, na sindano ikipigwa mahali pasipofaa inaweza kweli kuuumiza mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka mguuni. Lakini itazame picha yake: mguu mmoja, umelegea, umekonda, wayo unaning'inia, na mtoto mwenyewe anasema, anacheza, anakimbia kwa kuchechemea. Ubongo haukuguswa. Mtoto aliyekakamaa miguu yote na mikono, asiyeshika kichwa, sindano ya takoni haiwezi kumfanya hivyo. Yeye aliumizwa na ile malaria iliyomfanya apelekwe kuchomwa. Sindano ilifika na ugonjwa kwa siku moja, na lawama ikaishikilia sindano kwa sababu ndiyo iliyoonekana kwa macho. Siku hizi malaria kali inatibiwa kwa atesuneti, na madhara yale ya mguu yanapaswa kupungua. Hofu ndiyo iliyobaki, na inawafanya wengine wachelewe kumleta mtoto mwenye degedege. Kule kuchelewa ndiko kunakouumiza ubongo.

Ebinyo nayo. Kumchokoa mtoto mchanga ufizi kwa spoku ya baiskeli ati ana meno ya uongo yanayomletea homa ni kumwongezea maambukizi juu ya homa aliyo nayo. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Kama jeraha halikui, mbona mtoto anazidi kupinda?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote yanayoulizwa kwenye benchi, na mara nyingi huulizwa kwa hasira. Mmetuambia halizidi. Mwaka jana goti lilikuwa linanyooka, leo halinyooki.

Funga mche wa mwembe kwa kamba kwenye mti wa kuushikilia, halafu uusahau. Kamba haijabadilika. Mche ndio unaokua, na kamba inaanza kuuuma na kuupinda. Mfupa wa mtoto unarefuka kila mwezi. Msuli wa mtoto anayerukaruka unarefuka pamoja nao kwa sababu unatumika na kuvutika siku nzima. Msuli uliokaza, usiotumika, unachelewa nyuma. Goti linavutwa, wayo unasimama kwa ncha, uti wa mgongo unapinda upande. Ubongo uko palepale ulipokuwa.

Pabaya zaidi ni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa vizuri ndani ya kikombe chake kwa sababu mtoto anasimama na kutembea. Asiposimama, na misuli ikamvuta mapaja kwa ndani, mfupa huanza kuchomoka kidogo kidogo, bila kishindo. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulikuta kwamba kwa watoto walioathirika vibaya kabisa, 90 kati ya 100 nyonga zao zilikuwa zimeanza kuhama. Kwa hiyo mtoto anayelia kila akibadilishwa nepi, au analia usiku bila homa, usiseme ni deko. Omba apigwe picha ya nyonga. Na kama nyonga ni nzima, tazama meno, masikio, choo kigumu, na kiungulia. Watoto hawa wanaumwa sana, na hawana namna ya kueleza.

Ngazi tano

Sasa turudi kwa lile swali la kutembea. Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwagawa watoto hawa katika ngazi tano. Wa ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia, kasoro yake ni ndogo. Wa tatu anatembea kwa kushika kifaa. Wa tano hawezi kushikilia kichwa na kiwiliwili, anabebwa au anasukumwa. Ngazi hizi si mtihani ambao mtoto akijitahidi anapanda darasa. Wengi hubaki kwenye ngazi yao. Mwaka 2002 timu hiyohiyo ikaonyesha jambo lingine: mtoto wa ngazi ya tano hufikia sehemu kubwa ya uwezo wake wa kujongea kabla ya kutimiza miaka 3, na wa ngazi ya kwanza karibu na miaka 5.

Ni habari ngumu kumwambia mzazi. Najua wenzangu wanaoikwepa, wanasema "tuendelee kujaribu, mama", na mama anaendelea kuuza kuku. Mimi naona kuikwepa ni ukatili wa polepole. Mtoto wa miaka sita wa ngazi ya tano hatatembea, si kwa mafuta, si kwa mimi. Kuanzia hapo kazi inabadilika: ale bila kupaliwa, alale bila maumivu, akae aone wenzake, nyonga zisihame kimya kimya, na mgongo wa mama usivunjike. Hiyo yote ni tiba ya viungo, na ina matokeo yanayoonekana ndani ya wiki chache.

Ahadi za kutembea si mambo ya WhatsApp tu. Kuanzia miaka ya 1950 kule Philadelphia, Marekani, ilienea njia ambayo watu wazima kadhaa walimzunguka mtoto mezani, huyu ameshika kichwa, wale mikono na miguu, wakimsogeza kama anayetambaa, mara kadhaa kwa siku, siku zote za wiki. Nadharia ilikuwa kwamba ubongo ungejifunza upya kutoka nje. Familia zilijimaliza, majirani wakipangiwa zamu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko 1982, na tena 1999, kwamba hakuna uthibitisho kuwa njia hiyo inafanya kazi. Ninaikumbuka kila ninapomwona mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto hajapona kwa sababu yeye hakufanya mazoezi ya kutosha.

Saa 720

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mimi napewa dakika 40. Hata kama mikono yangu ingekuwa na baraka za mitume, saa 719 na dakika 20 zinabaki nyumbani, na mtoto anazitumia akiwa amelala, amebebwa, amekalishwa au analishwa.

Kuna jambo ambalo sisi wa taaluma hii tumelikiri kwa shida. Tulifundishwa kunyoosha: shika wayo, sukuma, hesabu hadi thelathini, rudia. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba kunyoosha huko hakurefushi msuli kwa kiasi cha maana kwa watu wenye matatizo ya ubongo na mishipa ya fahamu. Sisemi uache kumgusa mtoto. Kumsogeza viungo taratibu wakati wa kuoga kunamtuliza na kukuwezesha kumvisha. Ninachosema ni kwamba usijihukumu kwa sababu jana hukuhesabu thelathini. Na sitakuahidi kwamba kumlaza vizuri kutazuia kila mkunjo. Kutamsaidia kupumua, kula, kulala, kutumia mikono, na kutopata vidonda.

Kulala: akiachwa chali siku nzima, miguu yote inaangukia upande mmoja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na upepo, na kichwa kinarudi nyuma. Mlaze kwa ubavu, kitenge kilichoviringishwa nyuma ya mgongo na kingine katikati ya magoti, mikono yote miwili mbele ya macho yake. Hapo tu anaweza kuona vidole vyake, wengine kwa mara ya kwanza. Badilisha upande. Kama haangaliwi vizuri usiku, au ana kifafa kisichotulia, usimlaze kifudifudi.

Kubeba: hapa bibi zetu walituzidi. Mtoto mgongoni, mapaja yametanuka kiunoni mwa mama, ni mkao mzuri kwa nyonga. Yule anayejikunja nyuma kama upinde usimbebe amenyooka kama mti wa kuni. Mkunje kwanza, akae mkononi kama kwenye kiti. Tatizo ni kilo. Mtoto wa miaka minane mgongoni anamharibu mama, na mama akianguka nyumba nzima inaanguka. Kiti cha magurudumu si kushindwa, ingawa najua siku kinapoingia nyumbani jirani husema "kumbe wamekata tamaa".

Kukaa: matako yafike nyuma kabisa, magoti yakunjike, nyayo ziguse kitu. Nyayo zikining'inia, mwili wote unakaza. Mafundi wanaweza kutengeneza kiti cha pembeni kwa mbao, na kuna ufundi ulioanzia Zimbabwe wa kugandisha maboksi na karatasi kwa gundi ya unga hadi zinakuwa ngumu kama ubao. Nimeona beseni lililojazwa nguo kuukuu likifanya kazi nzuri kuliko kiti cha msaada kilicholetwa kutoka nje, ambacho kilikuwa kipana mno, na mtoto akateleza ndani yake kama gunia la mihogo.

Kusimama: mtaani kwetu wapo wanaochimba shimo, wanamsimamisha mtoto ndani na kumfukia mchanga hadi kiunoni. Zamani nilikuwa nikigomba. Siku hizi nauliza kwanza, kwa sababu aliyebuni lile shimo aliona jambo la kweli: mtoto asiyeweza kusimama afaidika kusimamishwa akiwa ameshikiliwa. Fremu ya mbao tunayotengeneza hospitalini ni wazo hilohilo. Ubaya wa shimo ni kwamba huoni miguu imekaaje, magoti yanaweza kuwa yamekunjika na nyonga zimepinda, kuna funza na siafu, na mtoto huachwa juani hadi mama atoke shamba. Fremu ina mikanda, ina meza ya kuwekea mikono, na unayaona magoti.

Kijiko

Ukinibana niache yote nichague moja, nitachagua kulisha. Watoto wa Iganga na Mayuge walipofuatiliwa baadaye, ilionekana wenye mtindio wa ubongo wanakufa mara nyingi zaidi kuliko wenzao kwa mbali, na utapiamlo ulikuwa miongoni mwa vilivyoandamana na vifo hivyo.

Tazama anavyolishwa kwa kawaida. Amelazwa mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji mwepesi unamiminwa, akikataa pua inabanwa. Jaribu wewe mwenyewe: tazama dari, kisha meza mate. Unaona ugumu wake? Kichwa kikirudi nyuma, njia ya hewa iko wazi na uji unaingia kifuani. Ndipo nimonia ya mwezi wa tatu, ya mwezi wa tano, ya mwezi wa nane, na watu wanasema kifua chake ni dhaifu.

Akae wima au karibu na wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifua. Wewe kaa chini, usawa wa macho yake, si juu yake, maana atainua kichwa kukutazama. Kijiko kidogo, bapa, kiingie kwa mbele na kukandamiza ulimi kidogo, kisha umngoje afunge mdomo. Ameze kijiko kimoja, ndipo kingine. Uji mzito ni salama kuliko maji, kwa sababu maji yanakimbia kabla hajajiandaa. Na kwa kuwa anakula kidogo na kwa taabu, kila kijiko kiwe na thamani: matoke iliyopondwa na karanga za kusaga, mukene (dagaa) ya unga, parachichi, yai, tone la mafuta ya kula. Hayo ndiyo mafuta ninayoyakubali. Mlo ukipita nusu saa amechoka. Afadhali mara tano kidogo kidogo. Akikohoa kila mlo, macho yakilengwa machozi, sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, simama, na tuambie.

Dawa za kifafa zinywewe kila siku, hata mwezi ambao hakuanguka, kwa sababu kilichomzuia asianguke ni hizo dawa. Kuziacha ghafla, labda kwa kuwa zimeisha au mchungaji amesema ameponywa, kunaweza kuleta mishtuko isiyokatika. Aombewe huku anameza.

Nauli

Ada za hospitali za serikali ziliondolewa 2001. Nauli haikuondolewa. Kituo cha afya cha ngazi ya pili au ya tatu hakina mtu wa tiba ya viungo. Inabidi ufike hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Mbale au Jinja kwa watu wa huku. Kwa upasuaji wa nyonga na miguu kuna CoRSU, Kisubi, barabara ya Entebbe, na kwa mafunzo ya mzazi na vifaa kuna Katalemwa Cheshire Home, Kampala. Ukikosa vyote, muulize mhudumu wa VHT, yule wa kujitolea wa afya kijijini kwako, kama kuna kikundi cha wazazi karibu. Mama anayemwonyesha mama mwenzake jinsi ya kukunja kitenge kati ya magoti anaeleweka kuliko mimi na koti langu.

Utakapokuja, usimwogeshe mtoto na kumvisha nguo za Krismasi halafu ukaacha nyumbani kila kinachomhusu. Njoo na kijiko anacholishiwa, kikombe chake, kile kitenge, na uji wa asubuhi kwenye chupa. Njoo na yule anayeshinda naye mchana, kama ni jjajja au dada wa kazi, maana ndiye nitakayemfundisha. Kama umepiga picha kwa simu jinsi anavyolala, ile ya saa tisa usiku wakati hakuna anayemtengeneza kwa ajili ya musawo, hiyo ndiyo nitaanza nayo.